Divisheni wani ya pointi 7, BAM F: kisa cha binti aliyeingia kwa mlango wa "au"

Kisa hiki ni cha mwaka wa masomo 2023/24 na mimi ndo nilikuwa mshauri wake wa masomo, kwa hiyo kosa la kwanza nitakaloeleza ni la kwangu mwenyewe. Chuo sikitaji, jina la binti silitaji, nilimuomba ruhusa akakubali niandike, akasema "andika tu madam, labda kuna mtu atajiona humo".

Katokea Rukwa. Kasoma HGE shule ya serikali ya bweni, kamaliza kidato cha sita Mei 2023, matokeo yakatoka Julai: Historia B, Jiografia B, Uchumi C, divisheni wani ya pointi 7. Mama yake anauza mahindi na mchele gulioni, na kwa maelezo ya binti siku ile hakuuza kitu, alishinda anapokea hongera. Kaomba shahada ya uchumi, kapata, mkopo wa bodi kapata, Novemba kaja na sanduku na ndoo yake. Ukimuangalia kwenye karatasi huyu hata humuwazii, unahangaika na wale walioingia kwa kupenya penya. Ila kwenye ile slipu ya NECTA, baraza la mitihani, pembeni ya yale masomo matatu kuna kitu kingine kimeandikwa ambacho sidhani kama kuna aliyekisoma toka itoke: BAM, F.

Kwa asiyejua, BAM (Basic Applied Mathematics) ni ile hesabu ndogo wanayosoma watu wa kombi kama HGE, ECA, PCB na CBG, yaani wasiochukua hesabu kubwa. Humo ndo kuna fanksheni, logi, kudiferenshieti, kuintegreti, metriksi, probabiliti kidogo. Na haiingii kwenye kuhesabu divisheni, divisheni inatoka kwenye yale masomo matatu ya kombi basi. Mwanafunzi analijua hilo, mwalimu analijua, mkuu wa shule analijua, sasa niambie muda ukibana nani ataacha Historia akasome BAM? Shuleni kwao mwalimu wa BAM alihama wakiwa fomu faivu na hakuletwa mwingine, wakabaki wanagawana madesa ya shule jirani wanakariri hatua za kufanya swali bila kujua zimetoka wapi. Akaingia kwenye mtihani akaandika alichoweza.

Sasa uchumi aliingiaje? Aliingia kihalali kabisa, hakuna aliyembeba. Kigezo cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa aliyetoka kidato cha sita ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4.0 (hizi sio zile pointi za divisheni), ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na yeye Historia na Jiografia peke yake ni 8. Halafu kwenye mwongozo wa udahili programu nyingi za uchumi na biashara zinaongeza sharti la hesabu: kama huna prinsipo ya hesabu kubwa basi uwe na subsidiari, yaani ufaulu wa ngazi ya chini ya prinsipo, ya hesabu kubwa au ya BAM, au uwe umefaulu hesabu za kidato cha nne kwa gredi iliyotajwa. Yeye ana C ya fomu foo, aliipata kwenye mtihani wa Novemba 2020. Ile "au" ya mwisho ndo mlango alioingilia.

Naomba nieleweke hapa, sina ugomvi na hiyo "au". Ikifutwa leo watakaobaki nje ni watoto wa shule kama yake, na wa shule zenye walimu watatu wa hesabu hawatahisi chochote. Mlango ni wa haki. Kinachoniuma ni kwamba mtoto akishapita tunaufunga nyuma yake na hakuna anayemwambia umepita huu sio ule, na huu una ngazi moja imekatika. Hesabu za fomu foo hazina kudiferenshieti hata kidogo, hazina. Wiki ya pili au ya tatu mhadhiri anaandika dy/dx ubaoni anaendelea na safari kwa sababu kwenye kichwa chake darasa zima lilishaonana na hicho kitu, na nusu ya darasa wanatikisa kichwa, na huyu naye anatikisa kichwa ili asionekane.

Na taarifa tunayo, hilo ndo linanikera zaidi. Kuanzia 2010/11 TCU ndo ilikuwa inapangia watu vyuo kwa mfumo mmoja wa pamoja, lakini toka 2017/18 waombaji wanaomba chuoni moja kwa moja, maana yake matokeo yote ya mtoto tunayo sisi kabla hajapanda basi kwao. Ila yanaishia ofisi ya udahili. Mshauri wa masomo unapewa karatasi yenye majina na namba za usajili, mimi walikuwa 62, na ukumbi mmoja wa kuwaelekeza wote kwa pamoja saa moja na nusu.

Nilikutana naye mara ya kwanza wiki ya pili, foleni ya kusaini fomu za kozi. Ilikuwa Ijumaa, mlangoni wamejaa mpaka kwenye ngazi, mfumo wa usajili unafungwa jioni ile. Akaingia, "shikamoo madam", nikaitikia marahaba, nikaangalia kama jumla ya krediti ni 60, zikawa 60 kweli, nikasaini. Sikumuuliza kitu. Kwenye nafasi ya somo la hiari alikuwa kajaza Takwimu kwa sababu rumumeti wake kamwambia ukiwa na takwimu kazi unapata haraka, kwa hiyo binti mwenye F ya BAM kajipangia semista ya kwanza Hesabu kwa Wachumi, Uchumi Mdogo (maikro) wenye grafu na mlinganyo kila ukurasa, na Takwimu juu yake, na sahihi yangu iko pale chini na tarehe. Fomu ile bado ninayo.

Wiki ya saba akarudi peke yake. Alikaa kwenye benchi la nje karibu saa nzima, nikamuona kila ninapopita nikadhani anamsubiri mtu mwingine. Alipoingia alitoa kaunta buku, katikati kaweka karatasi ya tesiti ya Hesabu: 4 kwa 15. Nikamuuliza tatizo nini akaniambia "madam mi nasoma sana", na nikafungua ile kaunta buku nikaona ni kweli kabisa. Kurasa na kurasa, mwandiko mzuri, kila mfano wa mhadhiri kauandika upya mara tatu mara nne. Nikachukua peni nikaandika y = x² nikamwambia diferenshieti, akajibu 2x hapo hapo. Nikamuuliza hiyo 2x inatuambia nini kuhusu hiyo x². Kimya. Akaniangalia, kisha akaanza kulia taratibu bila sauti.

Hapo ndo niliomba slipu zake, ya fomu foo na ya fomu siksi. Wiki ya saba. Ningeziomba wiki ya kwanza tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa, maana kuhama kozi kuna dirisha lake mwanzoni mwa mwaka, chuo kinakusanya maombi kinapeleka TCU, na unatakiwa uwe na sifa za kozi unayohamia, na kwa matokeo yale sifa za kozi nyingi tu alikuwa nazo. Dirisha lilishafungwa. Alichoniuliza cha kwanza wala hakikuwa kuhusu masomo: "nikihama, bumu langu linaenda wapi?" Swali la maana sana hilo na washauri wengi tunalikimbia kwa kusema nenda dawati la mikopo. Kwa mtoto kama huyu ile 10,000 kwa siku ya chakula na malazi ndo anayoishi nayo, na humo humo anatoa kidogo anamtumia mdogo wake aliyeko fomu tuu. Mkopo unaweza kuhamishwa ukafuata kozi mpya, ila uhamisho wenyewe lazima uwe umepita chuoni na TCU kwanza, na huko katikati unaweza kukaa wiki kadhaa hujui kesho utakula nini. Ukimshauri mtu ahame bila kuligusa hilo hujamshauri.

Tukaanza kuangalia kilichobaki mezani. Kuahirisha mwaka: kwetu wanataka sababu nzito kama ugonjwa, na kushindwa tesiti moja sio ugonjwa, na akirudi nyumbani Rukwa na ile divisheni wani ya kijiji kizima sijui angerudi na moyo gani. Kuvumilia hivi hivi mpaka mwisho wa semista halafu aombe kuhama mwaka unaofuata: ingewezekana, ila angeanza mwaka wa kwanza upya sehemu nyingine na matokeo mabaya nyuma yake. Kubaki na kuziba lile pengo: hapo sikuwa na uhakika kabisa na sitaki nijifanye nilikuwa nao, zilibaki wiki nane tu.

Kilichonivuta upande wa kubaki ni yeye mwenyewe. Nilimuuliza kwanini uchumi, nikitegemea lile jibu la ajira, akaniambia toka akiwa darasa la sita anajiuliza kwanini wakati wa mavuno mama yake anauza debe la mahindi kwa bei ya kutupa kwa watu wale wale ambao Januari na Februari wanamuuzia yeye kwa bei mara mbili, na kwanini hawezi tu kusubiri. Akanieleza mwenyewe kwanini hawezi: ada, deni la mbolea, ghala hana, wadudu. Mtoto wa miaka ishirini ananichambulia soko la nafaka kwenye kiti cha plastiki huku machozi hayajakauka. Nikasema huyu uchumi anao, anachokosa ni lugha ya kuusemea.

Kitu cha kwanza nilienda kwa mkuu wa idara na barua ya kumuondoa kwenye Takwimu, kwa utaratibu wetu mpaka wiki ya nane inawezekana kwa idhini yake, na nikaandika wazi kwenye barua kwamba nilisaini bila kuangalia. Akawekwa somo la hiari la watu na mazingira, karibu na Jiografia yake, krediti 8 zile zile. Wapo walioniambia namharibia, takwimu ataihitaji mbele. Ataihitaji ndio, mwaka wa pili, akiwa na msingi. Mpangilio wa masomo ni pamoja na kujua kipi kije lini.

Kisha muda. Hesabu ya Wachumi ni krediti 12, na krediti moja ni saa 10 za kazi, kwa hiyo somo zima ni saa 120, ukigawa kwa wiki 15 ni saa 8 kila wiki, na darasani yuko saa nne tu. Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hawajawahi kuambiwa hesabu hii, wanadhani krediti ni namba ya kwenye fomu. Tukachukua ratiba yake tukatafuta zile saa nne nyingine ziko wapi, hazikuwepo, zilikuwa zimeliwa na kuandika upya notisi. Tukazipanga Jumanne na Alhamisi jioni, na nikamuomba kijana wa mwaka wa pili aliyesoma EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu kubwa, amsimamie, nikawaambia wasiguse kabisa notisi za chuo wiki mbili za mwanzo, wafungue kitabu cha BAM cha fomu faivu ukurasa wa kwanza wa fanksheni. Alikuwa na aibu kutembea nacho, akakivisha jalada la gazeti.

Mara moja nilikaa nao, na nataka niieleze jioni ile. Nikamwambia tuseme mama yako ndo muuzaji pekee siku hiyo gulioni. Akileta debe moja bei ni elfu 19, akileta mbili bei inashuka elfu 18, kila debe analoongeza bei ya yote inashuka elfu moja. Chora jedwali la mauzo. Akaandika taratibu: debe 8 kwa elfu 12 ni elfu 96, debe 9 kwa elfu 11 ni 99, debe 10 kwa elfu 10 ni 100, debe 11 kwa elfu 9 ni 99, debe 12 kwa elfu 8 ni 96. Nikamwambia sasa pembeni andika kila debe limeongeza nini. Akaandika 3, 1, toa 1, toa 3. Peni ikasimama. "Kwa hiyo debe la kumi na moja linamtia hasara?" Nikamwambia ndio. Kisha nikaandika juu ya ukurasa mauzo ni 20q toa q², diferenshieti. Akaandika 20 toa 2q, akaweka sawasawa na sifuri bila kuambiwa, akapata 10, akarudi kwenye jedwali akaweka kidole kwenye ile 100. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akasema "kumbe 2x ilikuwa inasema hivi", akarudi kwenye y = x² ya wiki ile na akaanza kujichorea jedwali lake mwenyewe wala hakuniangalia tena.

Haikuishia vizuri kila sehemu na nisingependa mtu asome kisa hiki adhani ni jedwali moja tu la mahindi likamaliza mambo. Tesiti ya pili ya Hesabu alipata 9 kwa 15, asaimenti 7 kwa 10, akaingia UE, mtihani wa mwisho wa semista, na 20 kwa 40. UE akapata 27 kwa 60. Jumla 47, C. Kafaulu. Ila zile saa zote za Jumanne na Alhamisi zilitoka mahali, na zilitoka kwenye Uchumi Mdogo, ambako alipata 38, akakosa alama mbili akakamatwa sapu, yaani mtihani wa marudio. Kwenye lile somo alilolipenda kuliko yote. Mi niliona ratiba yake kwa macho yangu na sikuona kwamba ninaziba shimo kwa udongo wa shimo lingine. Kama ningemtoa kwenye kitu kimoja zaidi, labda ule uongozi wa kikundi cha bweni uliokuwa unamla Jumamosi nzima, nadhani angepita. Nadhani.

GPA ya semista, yaani wastani wa gredi zake zote, ikatoka 2.8. Nilimkalisha nikamuonesha inavyopatikana, pointi za gredi mara krediti, jumlisha, gawa kwa 60, kwa sababu alikuwa anaiona kama hukumu imeshuka kutoka juu. Akaona mwenyewe kwamba ile D ya Uchumi Mdogo kwenye krediti 12 ndo imemvuta chini, na kwamba B+ ya watu na mazingira na ya mawasiliano zimembeba. Kama Hesabu na Uchumi Mdogo zote zingekuwa E angekuwa na 2.2. Sapu aliirudia Septemba akaisafisha kwa C, ambayo ndo gredi ya juu kabisa unayopewa kwenye sapu kwetu, na hiyo C itakaa kwenye transkripti yake.

Swali ambalo wenzangu wananiuliza ni kama wiki ya pili ningemshauri ahame. Nimelifikiria sana. Nadhani ningemuwekea yote mawili mezani, na dirisha likiwa wazi na mkopo ukiwa umeelezwa, halafu ningemuacha alale nalo siku mbili ampigie mama yake. Labda angehama na labda angekuwa na furaha zaidi kwenye Jiografia. Mimi nilimnyima hiyo nafasi kwa sahihi ya sekunde tano, na hata kama mambo yamekwenda, haki yake ya kuchagua haikurudi.

Toka mwaka uliofuata kabla ya kusaini naomba slipu mbili, na nasoma mpaka chini. Kila mwenye F ya BAM au asiyekuwa nayo kabisa nampa karatasi nyeupe na swali moja dogo, sio mtihani, nataka tu nione peni inasimama wapi, na siku hiyo hiyo namwambia dirisha la kuhama linafungwa lini. Foleni inakuwa ndefu. Wanalalamika, na mkuu wa idara kanipigia mara mbili kuuliza kwanini fomu za kwangu zinachelewa kuingia. Nimeomba ofisi ya udahili watupe ile safu ya hesabu pamoja na majina, bado sijajibiwa.

Yeye mwaka wa pili alikuja Jumatatu ya wiki ya kwanza, saa mbili asubuhi, mlangoni hakuna mtu. Fomu ilikuwa haijajazwa. Aliweka mezani slipu zake mbili bila kuombwa, akaweka maelezo ya kozi ya Hesabu ya pili aliyoyachapisha stesheneri, kayapigia mistari ya penseli, akauliza "madam, hii inahitaji nini ambacho mi sina?" Tukatafuta pamoja. Ilikuwa kuintegreti, sura ya mwisho ambayo hawakuwahi kuifikia na yule kijana wa EGM. Akatoa kwenye begi kile kitabu cha BAM, jalada la gazeti limeshachanika, akakifungua hapo hapo.